Waliniambia Nipumzike

Mimi nimesomewa hitima nikiwa hai, na waliokula ubwabwa wa hitima hiyo nawajua wote kwa majina. Wengi wao sitawataja hapa, maana bado tunasalimiana. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua, umeshika karatasi yako, kifua kinapiga filimbi na cha jirani yako kinaitikia. Benchi hilo nimelikalia. Ubao wake wa katikati unabonyea.

Jina langu ni Somoe Hamisi, wa Kitomanga. Elimu yangu ni ya kisomo cha watu wazima, tulipofundishwa kuandika majina yetu, nami nikaendelea mpaka nikaandika na ya wenzangu. Kwa hiyo usitafute humu habari za mapafu yalivyo huko ndani; waulize waliosomea. Nitakwambia habari za miguu yangu, na habari za neno moja lililonitoa nyumbani kwangu.

Nyumba ile niliijenga kwa moshi. Mume wangu, Saidi Mnali, alifariki watoto wakiwa wadogo, akaniachia mikorosho na kiwanja. Nikaanza kubangua. Asiyejua kazi hiyo huona korosho nyeupe kwenye kifuko akadhani zinazaliwa hivyo. Korosho mbichi unazichoma kwenye bati juu ya moto mkali. Ganda likishika joto linatema mafuta, mafuta yanawaka, moshi mweusi unapanda nao mzito, unakwaruza koo. Huwezi kukimbia, ukikimbia zinaungua. Unasimama hapo hapo unazigeuza kwa mti mrefu, macho umeyafumba nusu, kisha unamwaga mchanga ili moto uzimike, ndipo unakaa chini kugonga moja moja. Tulikuwa wanne uani kwangu: mimi, Mwajuma Nangomwa, Hadija Selemani na Esha Mkulanga. Wote wanne tulikohoa. Tulikiita kikohozi cha msimu, kwa sababu msimu ukiisha nacho kilikuwa kinaisha. Tukakizoea kama mtu anavyozoea sugu ya mkono.

Mwaka mmoja msimu ukaisha, kikohozi changu kikabaki. Nikawa nikipanda kutoka kisimani napumzika njiani kwa Esha, kisha kwa Esha na kwa Mwajuma, kisha nikaacha kwenda kisimani. Mbaazi zilipoanza kukauka shambani, mwanangu Hemedi akaja kutoka Lindi mjini akanichukua. Nilifunga mlango nikampa ufunguo Zamda, binti wa marehemu mdogo wangu. Zamda ananiita mama mkubwa, na nilimlea mimi. Nikamwambia afagie, awashe taa jioni, nitarudi kabla ya korosho.

Kwa Hemedi kitu cha kwanza kutengwa kilikuwa kikombe. Mkewe, Zuhura, ndiye aliyekitenga. Nilikikuta tu peke yake juu ya dirisha, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Nilipelekwa hospitali nikatemea kopo, tukasubiri majibu, na majibu yakasema si kifua kikuu. Uzi ulibaki. Nilikunywa chai kwenye kikombe hicho huku wajukuu wakinitazama mdomo.

Daktari alisema mapafu yangu yamechakaa kwa moshi. Hayatarudi kama zamani, lakini yanaweza kutunzwa. Akanipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaniambia niachane na moshi na kazi nzito. Hayo ndiyo aliyosema, nilikuwepo. Hemedi alipofika nyumbani akawatangazia wote sebuleni, "Daktari kasema mama apumzike."

Basi nikapumzishwa.

Nikishika ufagio: "Mama, acha, pumzika." Nikitaka kuchambua mchele: "Bibi, lete, wewe pumzika." Nikitaka kufua kitambaa changu mwenyewe cha kichwani, Zuhura anakuja mbio ananipokonya huku amepiga magoti, na mtu aliyekupigia magoti utamgombezaje? Kila kazi waliyonichukulia waliichukua kwa adabu. Wakaleta kitanda karibu na dirisha. Wakaleta ndoo ya kuogea chumbani. Wakaleta na kiti cha kuswalia. Nilikuwa nimekuja na miguu miwili, na nyumba ile ikanisaidia mpaka sikuihitaji hata mmoja.

Ukilala sana, paja ndilo linaanza kuondoka. Hakuna aliyeniambia. Nililiona mwenyewe siku Zuhura ananiogesha: ngozi imelegea, inaning'inia kama soksi ya mtu mwingine. Kanga iliyokuwa ikinibana kiunoni sasa naikunja mara mbili na bado inateleza. Nilipojaribu kufika msalani kwa kushika ukuta, nilifika natweta, na Hemedi akasema, "Unaona? Ndiyo maana tunakwambia pumzika." Nami nikaamini. Nilidhani ni mapafu yanakufa, kumbe yaliyokuwa yanakufa ni mapaja. Korosho zikaiva, zikaokotwa, sikurudi.

Masika yalipokuwa yamepamba moto, simu ya Hemedi ikaita. Yeye alikuwa ametoka, akaipokea mjukuu wangu Rehema. Nilikuwa nimelala, alinisimulia baadaye. Aliyepiga alikuwa Zamda, na mvua ilikuwa inapiga bati huku na huko.

"Bibi yupo?"

"Bibi amepumzika."

"Unasema?"

"Bibi amepumzika, shangazi. Tangu adhuhuri."

Simu ikakatika. Rehema akaiweka mezani akaendelea na kazi zake za shule. Hakudanganya. Katika nyumba ile hilo ndilo lilikuwa jina la kazi yangu.

Kule Kitomanga neno lilifika na maana yake nyingine. Zamda alipiga ukelele, majirani wakaja na mvua yao. Walipiga tena, mtandao hakuna. Barabara ilikuwa imekatika kwenye mto, hakuna gari linalopita. Wakajua Muislamu hacheleweshwi kuzikwa, atazikwa huko huko mjini. Wakakaa matanga. Siku ya tatu wakasoma hitima, Zamda akachinja kuku wangu, wote, na jogoo. Kisha wazee wakakaa wakagawa. Kitanda changu kikaenda kwa fulani, sufuria kubwa kwa fulani, mkeka wangu wa ukindu wa rangi niliousuka mwenyewe ukaenda kwa mtu ambaye sikumpenda hata nilipokuwa hai, nataka kusema, hata kabla sijafa. Nyumba akapewa Zamda, maana kwetu mali ya mama hufuata upande wa mama. Akahamia na mumewe Athumani usiku wa hitima, vyumba visije vikabaki vitupu.

Barabara ilipopitika wakaja mjini kutuhani. Zamda, Athumani, na Bi Fatu Chilala. Huyu Bi Fatu ni mtani wangu. Ukoo wetu na wao tumetaniana tangu enzi za mababu: kwetu kukiwa na msiba yeye ndiye hujilaza kwenye kitanda cha marehemu, akaigiza alivyokuwa anatembea, akachukua anachokitaka, na hakuna anayekasirika. Waliingia na vilio tangu kwenye ukumbi. Nilikuwa kitandani kwangu dirishani nakunywa uji.

Zamda alianguka. Athumani akaanza kusoma dua aliyoikumbuka. Bi Fatu alisimama mlangoni akanitazama juu mpaka chini, na mwilini mwake amevaa doti yangu ya kijani.

"Wewe hujafa?"

"Sijafa."

"Na mimi nimelia mpaka sauti imeniondoka. Kilio changu nitamdai nani?"

"Vua kanga yangu."

"Sivui. Kanga ya maiti haidaiwi. Nikikurudishia nitakuwa nimekuombea ufe tena." Akasogea akaketi miguuni pangu, akanibonyeza paja kwa kidole kama mtu anayejaribu papai. "Huyu hajafa, lakini hajabaki. Haya mtani, kama uko hai, simama nikuone."

Wote walicheka, na Zamda pale chini akacheka katikati ya machozi. Nikaweka bakuli la uji, nikashusha miguu, nikashika kingo za kitanda. Nikajinyanyua. Makalio yalitoka kwenye godoro kidogo, magoti yakatetemeka, nikarudi chini na uji ukamwagika. Nilijaribu tena. Kicheko kiliisha hapo. Bi Fatu akageuza uso, naye ni mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata makaburini.

Walipokuwa wanaaga nikamwambia Zamda arudishe vitu, nyumba aiache kama ilivyokuwa, nakuja. Akamtazama Hemedi. Hemedi akasema taratibu, kama unavyosema na mtoto mwenye homa, "Mama, ya nini tena? Nyumba ikikaa tupu inaoza. Zamda si mtu baki. Wewe uko hapa, unapumzika."

"Nataka kwangu."

"Utakaaje kwako, kusimama tu huwezi?" Kisha, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, akaongeza, "Basi. Siku utakayotoka hapa mpaka sokoni ukarudi bila kushikwa mkono, nitakupeleka Kitomanga mimi mwenyewe."

Wote walilisikia. Nikaliweka.

Siku ya kliniki Hemedi na jirani walinishusha kwenye bajaji kwa kunibeba na kiti. Daktari alisikiliza kifua, akatazama karatasi za mwanzo, akasema kifua hakijazidi kuharibika. Akauliza, "Sasa hii miguu imekwenda wapi?" Akaniandikia chumba cha mazoezi, nyuma ya jengo, kwenye veranda ndefu.

Mtaalamu wa mazoezi pale alikuwa mama wa makamo, Eliza, mtu wa bara. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akavuta kigoda akakaa miguuni pangu.

"Bibi, nyumbani unafanya nini?"

"Napumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu mbaazi."

Akamgeukia Zuhura, Zuhura akatazama sakafu. "Basi, bibi, mapumziko yamekwisha," akasema. "Mapafu yako sina uwezo nayo. Lakini mguu dhaifu unakula pumzi nyingi. Tukiupa mguu nguvu, hiyo pumzi kidogo uliyo nayo itakufikisha mbali zaidi." Hiyo ndiyo elimu yote niliyopewa, nami nakupa wewe kama ilivyo.

Lakini nilikuwa dhaifu, hata kuanza mazoezi siwezi. Ndipo akaleta mashine. Usitishike ukiiona. Ni kidude kidogo kama redio ya kushika mkononi, kina nyaya na vibandiko vinavyonata. Akafunga pazia, akavibandika juu ya paja, hapa na hapa. Zuhura akasema, "Umeme, dada? Kwa mtu mzima namna hii?"

"Wa betri, mama. Haumdhuru."

Akazungusha kitufe. Kwanza kilianza kama mchwa wanaotembea, kisha paja likaruka lenyewe, likakaza, likalegea, likaruka tena, kama ngozi ya mbuzi anayefukuza nzi. Mimi nimelala tu sijaamrisha kitu. Nikuambie ukweli, niliona aibu kuliko siku ya kwanza kuogeshwa. Nimebeba mimba, nimebeba magunia ya korosho kwa miguu hii, leo inachezeshwa na betri.

"Anayecheza hapa ni mimi au ni mashine?" nikauliza.

"Kwa sasa ni mashine, bibi. Baadaye mtagawana. Mwisho utacheza peke yako."

Kipupwe chote tulikwenda hivyo. Mashine kwanza, kisha kigoda: kaa, simama, kaa, simama, mikono kifuani. Kisha chupa za maji zilizojazwa mchanga, unazinyanyua huku na huku. Kisha kutembea veranda, kwenda na kurudi, na anayechoka anaegemea ukuta, hakatazwi, lakini hakai. Na kupumua kwenyewe tulifundishwa upya. Unavuta kwa pua, unatoa kwa midomo iliyobanwa, polepole. Eliza akasema, "Kama unapuliza moto wa jikoni, bibi."

Nikacheka mpaka nikakohoa. "Huo moto wa jikoni ndio ulionileta kwako."

"Basi puliza uji," akasema, na tangu siku hiyo kwenye veranda ile tukawa tunapuliza uji.

Hapo nilikutana na Shaweji Mkumba, mzee wa Kilwa Kivinje, aliyekaa mjini kwa binti yake Mwanaidi. Alichoma chokaa ujana wake wote, mawe ya matumbawe kwenye tanuru la magogo, na kifua chake kilikuwa na mlio mwembamba kuliko wangu. Tulikaa benchi moja.

"Bi Somoe, vikorosho vimekushinda?"

"Na wewe chokaa imekupaka mpaka ndani. Siku ukifa hawatahitaji sanda nyeupe."

"Kwani wewe si umeshakufa? Nasikia ulisomewa. Ubwabwa ulikuwa na nazi?"

"Sikualikwa."

Alikuwa mbele yangu siku zote. Mimi bado naegemea ukuta, yeye anageuka mwisho wa veranda na kofia yake mkononi, uso umelowa jasho, anacheka. Kisha wakaja wanawe wawili kutoka Dar es Salaam. Walifika veranda wakamkuta baba yao anatweta, kifua kinapanda na kushuka. Mkubwa akapaza sauti, "Mzee anatweta namna hii na nyinyi mnamtazama tu? Mnataka kumuua?" Eliza akaeleza, akaeleza tena. Walikuwa vijana wenye huruma na baba yao. Wakamwinua kila mmoja upande wake wakamtoa, akapumzike. Alinitazama akipita, akapuliza uji kwa mzaha.

Mikorosho ilikuwa bado ina maua Mwanaidi alipokuja veranda peke yake, amejifunga ushungi mweusi. Alisema, "Baba amepumzika." Hakuna aliyemuuliza kwa maana ipi.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Eliza alitaka nifanye na kigoda kila asubuhi, na uani ndiko kwenye nafasi. Basi jirani, Bi Rukia, ananiona juu ya ukuta natoka jasho, nakaa nasimama. Akawa anasema kwa sauti ya kusikika, "Wakwe wa siku hizi! Mtu pumzi hana, wanamfanyisha kwata kama askari." Siku nyingine alinikuta nafagia, maana nilikwisha rudisha ufagio wangu kwa nguvu. Akaingia ndani kabisa akamwambia Zuhura mbele yangu, "Mwanangu, ipo siku na wewe utazeeka."

Zuhura alivumilia mpaka Bi Rukia akatoka. Kisha akakaa kwenye ngazi ya jikoni akalia. "Mama, ukikaa wanasema sikuhudumii. Ukisimama wanasema nakutumikisha. Ulipokuwa kitandani niliogesha, nikafua, nikalisha, hakuna aliyekuja kunisifu. Leo unanyanyuka, naonekana mchawi. Niambie mama, mimi nisimame wapi?"

Nilikuwa na hasira zangu juu ya uzi mwekundu na juu ya mambo mengi, na sikuwa nimewahi kuuliza yeye alilala saa ngapi. Nikamwambia, "Shika kigoda kisiteleze." Akaja akakishika, mikono miwili, anavuta kamasi, nami nikakaa nikasimama. Tangu siku hiyo alikishika kila asubuhi, na kile kikombe nikakikuta kabatini na vikombe vya wenzake, uzi umetolewa.

Sasa nikuambie kilichobadilika na ambacho hakikubadilika, usije ukatukana watu wa mazoezi baadaye. Kikohozi kipo. Dawa ya kuvuta natembea nayo kwenye pindo la kanga. Siku za ukungu kifua kinanibana kama zamani, na moshi wa jirani akichoma taka unanifungia ndani. Kilichorudi ni paja. Lilianza kama uzi mgumu chini ya ngozi, kisha likawa nyama. Kanga ikaacha kuteleza. Siku moja nikasimama alfajiri nikaswali rakaa zote kwa miguu yangu, nikakiona kile kiti cha kuswalia pembeni, nikakitupia nguo chafu.

Na siku niliyoona inafaa, nikatoka. Sikumwambia mtu. Nilitembea kwa kufuata kuta zenye kivuli, nasimama, napuliza uji wangu, naendelea. Watu wanaonijua waliniuliza, "Bibi, tukushike?" nikawaambia wasiniguse. Sokoni nikachagua nazi, nikaitikisa sikioni kama inavyotakiwa, nikarudi nayo. Hemedi alikuwa amerudi kula. Niliiweka mbele ya sahani yake.

"Nani kaleta nazi?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na miguu. Sasa nipeleke Kitomanga."

Akaishika ile nazi, akaigeuza. Zuhura alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hemedi akasema, "Mama, nilikuahidi kwa sababu nilijua hutaweza."

Ugonjwa umenitenda mengi mwilini, lakini sikumbuki maumivu yaliyoingia kama hayo. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyokuwa ananipenda: kama kitu kilichokwisha. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Nilikwenda mwenyewe. Lakini asubuhi ile Hemedi alinikuta kituoni, akanipakilia mfuko, na gari lilipoanza kuondoka akakimbia upande wa dirisha akaninyooshea dawa yangu ya kuvuta. Nilikuwa nimeisahau kitandani kwa haraka ya hasira. Hilo pia niliandike.

Kutoka barabarani mpaka kwangu ni kupanda, katikati ya mikorosho. Ulikuwa msimu umeanza, mabibo yameanguka, harufu yake imejaa. Kwa Bi Fatu ndiyo nyumba ya kwanza, naye alikuwa barazani, na doti yangu ya kijani mwilini, imeanza kupauka.

"Jamani, maiti inatembea," akasema.

"Nimesimama, mtani. Nione."

Akainuka. Alinizunguka pande zote, akabonyeza paja kwa kidole, kidole hakikuzama. "Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kanga sirudishi." Akashika mfuko wangu akanifuata nyuma, hakunishika mkono.

Nilinusa kabla ya kuona. Moshi ule hausahauliki. Nilipofika kwenye kona ya ua nikauona umesimama juu ya paa langu, mweusi, unapinda kuelekea mlangoni. Bati langu lilikuwa juu ya mafiga yangu, na aliyelisimamia ni Zamda, macho kayafumba nusu, anageuza korosho kwa ule mti wangu mrefu. Kifua kilinibana papo hapo. Miguu ilikuwa imenifikisha nyumbani, nyumba ikanizuia na moshi wangu mwenyewe. Ilibidi nizunguke mpaka upande upepo unakotoka, nivute dawa, nipulize, ndipo nikapata sauti. Nikapiga hodi kwenye ua wangu.

"Karibu," Zamda akaitikia bila kugeuka, kama unavyomkaribisha mpita njia. Kisha akageuka, mti ukamponyoka. "Mama mkubwa! Umekuja na nani?"

"Nimekuja."

Alikimbia ndani akatoka na kigoda. Kilikuwa changu, na ni kitu cha kwanza changu kilichorudi mikononi mwangu. Sufuria haijarudi mpaka leo, wala mkeka. Akakiweka akakipangusa na kanga, akapiga magoti. "Karibu ukae, mama mkubwa. Umetoka mbali."

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa, nikasimama, mikono kifuani, mbele yake na mbele ya Athumani aliyetoka kutazama, na Bi Fatu akaanza kupiga makofi kwa mpigo, halafu akaacha. "Unaona?" nikamwambia Zamda. "Chumba cha mbele ni changu. Nyinyi bakini cha nyuma, sikufukuzi. Lakini nimerudi."

Alifungua mdomo kujibu, ndipo kikohozi kikamshika. Kilianza chini, kikavu, kikamkunja, akashika ubavu kwa mkono wa kushoto na mwingine akauweka gotini. Nilikuwa nakijua hicho. Nilikijua kilivyoanza, kinavyokaa, na mahali kinapokwenda. Siku walipogawa vitu vyangu walidhani wamevimaliza; hicho hawakukihesabu.

"Tangu lini hicho?" nikauliza.

"Si kitu, mama mkubwa. Kikohozi cha msimu tu." Akajifuta macho, akatabasamu. "Korosho zikiisha, nikipumzika kitaondoka."

Nikamwambia neno hilo lisitamkwe tena ndani ya ua wangu. Akaniuliza, neno gani. Nikamwambia kwanza amwage mchanga ili moto uzimike, kisha aje huku upande wa upepo, na kigoda aje nacho.